Gari la Mama Runji

Nyumba ya Gedion na Felicitas, kule Kibugu juu karibu na msitu, imewahi kumiliki magari mawili. La pili ndilo walilo nalo sasa. Lina kamera ya kutazama nyuma, linajifunga milango lenyewe, na likikaribia kitu linalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Ni gari zuri, na hakuna mtu aliyewahi kusimulia lolote kulihusu. Wageni wakija, wakishakula na chai ikishamiminwa, mazungumzo huenda yenyewe kwa lile la kwanza.

Lile la kwanza lilikuwa saluni kuukuu ya rangi ya damu ya mzee, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Kibugu. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa ukifunguka kwa ndani tu. Kioo cha dereva kilishikiliwa juu kwa kipande cha mti. Watu wa Kibugu waliliita Karimi, yaani mlimaji, kwa sababu mvua ikinyesha magurudumu yake yaliilima barabara kuliko jembe. Felicitas alilipenda jina hilo. Gedion alisema ni dharau, lakini yeye ndiye aliyelitumia kuliko wote.

Felicitas ndiye aliyelinunua, kwa mkopo wa chama cha walimu. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kuendesha alijifunza tangu usichanani, kwao Meru, kwenye pikapu ambayo babake alibebea ndizi. Gedion alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai. Yeye aliwahi kwenda shule ya udereva mjini Embu, akasoma mpaka gia ya kwanza. Siku ya kufundishwa gia ya pili aliingia na gari kwenye kibanda cha mwanamke aliyeuza viazi, akalipia viazi, akarudi nyumbani na hakwenda tena.

Siku Karimi alipoletwa, Felicitas aliendesha na Gedion akaketi kando yake, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. Walipoingia uani walikuta watu wamejaa. Mzee Mutugi, jirani yao na mzee wa kanisa, aliinua mkono, akauweka juu ya kichwa cha Gedion, akaomba kwa sauti: "Mungu wetu, umetukumbuka kupitia huyu kijana wetu. Umempa gari. Mlinde akiwa barabarani."

Hapo ndipo Gedion angeweza kusema neno. Alifikiria kulisema. Lakini mkono wa mzee ulikuwa ungali kichwani, watu walikuwa wamefumba macho, na si vizuri kumkatiza mtu anayeongea na Mungu. Felicitas alimtazama mumewe. Kisha akasema, "Amina."

Tangu siku hiyo likawa gari la Baba Runji, kama Gedion alivyoitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Wanaume walimwomba yeye awabebee mbolea. Kamati ya harusi ilimwandikia yeye. Walipouliza kwa nini kila mara ni mke anayeshika usukani, alisema daktari amemkataza kwa sababu ya mgongo. Kila asubuhi aliliosha, akaliwasha, akakanyaga mafuta likiwa limesimama papo hapo mpaka majirani wote wakajua kwamba Baba Runji ameamka. Felicitas aliyavumilia hayo yote. Mara moja tu, wakiwa wawili jikoni, alimwambia, "Baba Runji, uongo wako unakunywa petroli yangu." Naye akajibu kwamba injini isiyopashwa moto huharibika.

*

Mwezi wa nne, shule zikiwa zimefungwa na mvua ikinyesha bila adabu, Felicitas alisafiri kwenda Meru kumwona dadake Kajuju aliyekuwa amejifungua. Alipanda matatu. Barabara ya Meru ina miteremko mirefu, na breki za Karimi zilikuwa breki za kukumbushwa.

Asubuhi moja Gedion alikuwa uani, amekwisha kuosha gari, anajipangia kuliwasha. Siku hiyo haikuwa zamu yake kituoni. Akasikia mamake akimwita kutoka shambani kwa matete ya ng'ombe.

"Gedion! Kuja na kitambaa. Na usikimbie, kuna utelezi."

Mamake, Bibi Igoki, alikuwa mwanamke mzee mfupi ambaye hakupenda kusumbua mtu. Gedion alimkuta ameketi chini kati ya matete yaliyokatwa, mguu mmoja ameunyoosha mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Panga lilikuwa limeteleza kwenye shina lililolowa, likaingia muundini. Damu ilikuwa ikitoka bila haraka, lakini haikuwa ikisimama.

"Maitu! Umefanya nini?"

"Nimekata matete," mamake akasema. "Na hicho ulicholeta ni kitambaa cha kuoshea gari. Tafuta kisafi."

Alimfunga kwa leso ya mkewe, akaikaza mpaka vidole vikamuuma. Akambeba mpaka uani, akamketisha kwenye kiti cha mbao. Leso ilikuwa ya njano. Kabla hajamaliza kupiga simu ilikuwa imebadilika rangi upande mzima.

Kwanza alimpigia Mutwiri, kijana wa bodaboda ambaye ndiye aliyewabeba siku zote Felicitas akiwa hayuko. Nyuma ya sauti ya Mutwiri kulikuwa na watu wanaimba.

"Baba Runji, tuko Manyatta. Tunazika mwenzetu. Steji yote iko hapa, hata wale wa chini."

"Hakuna hata mmoja amebaki?"

"Ungebaki vipi na ni mwenzako?"

Alipiga nambari ya gari la wagonjwa. Mtu aliyepokea alikuwa na heshima sana. Akasema gari limepeleka mama mjamzito, likirudi watalielekeza Kibugu, na akauliza kama barabara inapitika. Gedion akatazama barabara. Akasema inapitika kidogo.

Wakati huo Mzee Mutugi alikuwa ameshafika, na mkewe, na wanawake wawili waliokuwa wakipita. Wote walimtazama Igoki, wakaitazama leso, kisha mmoja baada ya mwingine wakalitazama gari. Lilikuwa limeng'aa. Lilikuwa halijawahi kung'aa hivyo.

"Si gari liko hapo?" Mzee Mutugi akasema.

"Liko," Gedion akasema.

"Basi mgongo leo uusahau."

"Mgongo si shida."

"Shida ni nini?"

Gedion alijipapasa mifuko. "Ni ufunguo. Sijui Mama Runji aliuweka wapi."

"Uko ndani ya kikombe cha bluu, juu ya kabati," mamake akasema kutoka kitini. "Mimi humwona akiuweka."

Gedion aliingia nyumbani akauchukua. Hakutoka mlango wa mbele. Alitokea wa nyuma, akasimama kando ya tangi la maji ambapo hakuna aliyemwona, akampigia mkewe.

Alimweleza. Felicitas hakupiga kelele. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka yote hiyo watoto walikuwa wamevunjika mikono mbele yake.

"Mpeleke hospitali Embu. Saa hii."

"Na nini?"

Felicitas alisikika akifunga mlango. Kwa mbali kilisikika kitoto kichanga kinalia.

"Gedion," Felicitas akasema, na hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina, "klachi ni ya kushoto."

"Najua klachi."

"Iachilie polepole. Polepole kuliko unavyotaka. Ukiogopa, kanyaga klachi na breki, zote mbili. Mimi napanda gari sasa, tutapatana huko."

*

Walimlaza Igoki kiti cha nyuma, mguu juu ya gunia la matete waliloligeuza mto. Mzee Mutugi alisema bila shaka ataandamana nao. Alifungua mlango wa mbele, akaweka mguu mmoja ndani. Akamwona Gedion ameushika usukani kwa mikono miwili na midomo inacheza. Mzee wa kanisa anamjua mtu anayeomba. Akautoa mguu.

"Nitabaki niwaangalie ng'ombe," akasema.

Karimi aliwaka mara moja, kwa sababu alikuwa amezoea. Gedion alikanyaga klachi, akaitia gia ya kwanza, ile aliyoisomea, akaiachilia klachi polepole kuliko alivyotaka. Gari likaruka kama mbuzi aliyeona nyoka, likazima. Aliwasha tena. Likaruka, likazima. Mke wa Mutugi alikuwa akilitazama paa la zizi kwa makini sana.

Mara ya tatu likaruka na likaendelea.

Lilitoka getini, likachukua na ua kidogo wa upande wa kushoto, likaingia barabarani. Kutoka Kibugu kwenda Embu sehemu kubwa ya njia ni ya kuteremka, na gia ya kwanza kwenye mteremko ni kama mtu mwenye busara: haiendi popote kwa haraka na inapiga kelele njia nzima. Injini ililia. Watu walitoka majumbani kuangalia ni tingatinga gani linapita. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mtungi wa maziwa aliwapita, akageuka kuwasalimia, akaendelea.

"Huyo ametupita," Igoki akasema.

"Ana haraka."

"Na sisi?"

"Sisi tuna mgonjwa, Maitu. Mgonjwa harushwirushwi."

Mamake akauangalia mguu wake. "Hiyo ni kweli," akasema.

Gedion alikuwa akitokwa na jasho mpaka kwenye soksi. Lakini palikuwa na kitu kingine pia, ambacho baadaye alimwambia mkewe tu, tena gizani. Walipopita kanisani, ua wa miiba wa kei-apple ukipita upande huu na majani chai yaliyolowa yakipita upande ule, na usukani ukitetemeka mikononi mwake, alifurahi. Mamake alikuwa akivuja damu nyuma na yeye alifurahi kidogo. Aliona aibu, akaendelea kuendesha.

*

Barabara inateremka mpaka darajani, kisha inapanda. Karimi alilivuka daraja vizuri na akaanza kupanda vizuri. Katikati ya kilima lori la majani chai likatokea juu, limejaa, linateleza. Njia ilikuwa nyembamba, ya kupishana kwa shida. Gedion alifanya alivyoambiwa: alikanyaga zote mbili. Lori likapita, dereva akainua mkono kumshukuru.

Sasa alitakiwa kuondoka, na alikuwa kilimani. Jambo hili shule ya udereva ilikuwa haijafika. Alipoiachia breki ili akanyage mafuta, Karimi alianza kurudi nyuma.

"Mbona tunarudi nyumbani?" Igoki akauliza.

"Haturudi. Tunajipanga."

Walijipanga mpaka darajani. Gurudumu la nyuma likaingia kwenye mfereji, gari likainama upande, likazima. Mvua ikaanza tena, nyepesi, kama mtu anayenawa mikono juu yao.

Gedion alishuka. Akajaribu kusukuma peke yake, kwa bega, akateleza na kupiga magoti matopeni. Alipoinua uso aliona wanawake wanashuka kilimani na vikapu vya kuchumia mgongoni, nailoni vichwani. Aliyekuwa mbele alikuwa Gladys. Ingekuwa mtu mwingine yeyote, Gedion angeshukuru. Lakini wiki hiyohiyo alikuwa amekirudisha kikapu kizima cha Gladys kwenye mzani, mbele ya watu, akasema majani yake ni makubwa kama sukumawiki.

Gladys alisimama, akalitazama gari, akayatazama magoti ya Gedion.

"Karani," akasema. "Leo ni wewe uko kwenye mzani."

"Gladys, nina mama ndani. Amejikata."

Gladys alichungulia kupitia kioo, na uso wake ukabadilika. Alitua kikapu chake. Wengine wakatua vyao bila kuambiwa.

"Ingia uendeshe, sisi tutasukuma."

Gedion hakuingia. Alisimama pale akishika mlango. Wanawake walikuwa wakimsubiri, mvua ilikuwa ikimwingia shingoni, na mamake alikuwa amelala ndani na leso ambayo haikuwa ya njano tena.

"Gladys," akasema, "mimi sijui kuendesha."

"Ee."

"Gari si langu. Ni la Mama Runji. Alilinunua yeye. Mimi sina hata leseni. Mgongo wangu hauna chochote."

Alikuwa amelibeba jambo hilo muda mrefu, na alipolitua alitegemea litatoa kishindo. Gladys alikunja nailoni yake kichwani.

"Hiyo ni habari?" akasema. "Kibugu yote inajua. Mtu hufunga breki za mguuni kila mkewe akikata kona, na hana breki huko aliko. Tunakuona kwa kioo."

Wanawake wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alikuwa anacheka na anajaribu kuwa mtu mzuri.

"Na mbona hamkusema?"

"Tungesema ili iweje? Ulikuwa unafurahi. Ingia, Baba Runji, mama analowa."

Gedion aliingia. Kutoka kiti cha nyuma mamake akasema, kwa sauti iliyokuwa imepungua, "Baiskeli ilikushinda. Gari ungeliweza wapi?"

"Ulijua pia wewe?"

"Mimi nilikuzaa."

Walisukuma. Gladys alikuwa nyuma kabisa, bega kwenye buti, akipiga kelele kwa Kiembu, maneno ambayo kwa kawaida huambiwa fahali. Magurudumu yalilima, yakawarushia matope kuanzia nywele hadi miguu. Gari likatoka mferejini, likapanda, likafika juu, na Gedion hakusimama kusema asante kwa sababu hakuwa na hakika kwamba angeondoka tena. Alipenyeza mkono juu ya kioo cha dirisha akaupunga. Kile kipande cha mti kikaanguka nje, kioo kikashuka chote, na mvua ikawa inaingia ndani.

*

Ni baada ya kilima ndipo alipogundua kwamba mamake amenyamaza.

"Maitu."

"Mm."

"Ongea."

"Nimechoka kuongea."

Gedion aligeuza kioo cha ndani, akauona uso wake. Ulikuwa na rangi ya majivu. Mkono mmoja ulikuwa umeanguka kando ya kiti na ulikuwa unacheza na kila shimo la barabara, kama mkono usio na mwenyewe.

"Niambie habari za ng'ombe. Yule mweusi anatoa maziwa ngapi?"

Hakujibiwa. Mbele yake lami ilikuwa imeanza, imenyooka, haina mtu, na injini ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote na miti inapita polepole, mmoja, kisha mwingine. Mtu angeweza kuhesabu majani yake. Gedion aliona kwamba akienda hivi mamake atafika Embu, lakini huenda akafika mwili peke yake.

Alikumbuka mkono wa mkewe. Miaka yote aliyoketi kushoto, akitazama nje kama mwenye gari, jicho lake moja lilikuwa kwenye mkono ule. Ulikuwa una pete nyembamba na chaki kwenye kucha. Baada ya gia ya kwanza mkono huo ulishuka moja kwa moja chini, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga droo.

Alikanyaga klachi. Akaishusha ile gia.

Gari likanyamaza. Gedion alifikiri ameliua. Kisha akaona miti inakuja haraka zaidi, na upepo unaingia dirishani, na akaelewa kwamba kelele zote zile hazikuwa za lazima. Baadaye kidogo akajaribu ya tatu. Iliingia kwa mkwaruzo mkali sana, lakini iliingia.

"Maitu, tunaenda! Unaona? Tunaenda!"

"Mbona hivyo haukuanza navyo," Igoki akasema, macho yamefumbwa.

Karibu na mji polisi wa barabarani, mwanamke aliyevaa koti la mvua, alimsimamisha. Gedion alisimama mbele yake zaidi kuliko alivyotakiwa, na askari ikabidi atembee kumfikia.

"Leseni."

"Sina."

Askari akafungua mdomo. Kisha akatazama kiti cha nyuma. Akautazama mguu, kisha dereva: matope mpaka nyusi, shati limelowa, mikono yote miwili ingali kwenye usukani na gari limezima.

"Hata ya kuazima huna?"

"Huwa ni mke wangu anaendesha. Ni gari lake."

Ilikuwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii ilitoka kirahisi. Askari alirudi nyuma, akaingia barabarani, akayasimamisha magari ya pande zote mbili kwa mikono yake.

"Pita," akasema. "Na ukirudi, urudi kwenye kiti cha upande ule mwingine."

*

Hospitalini Gedion alisimama alipokutana na ukuta. Hakuugonga; bampa iliugusa tu, kama mtu anayebisha. Mlinzi alikuja kusema hapo ni pa daktari, lakini Gedion alikuwa tayari amembeba mamake anakimbia naye, na mlinzi akakimbia mbele kumfungulia mlango.

Mshipa ulikuwa umekatika. Waliushona, wakamtundikia damu, na daktari kijana akamwambia Gedion kwamba wangechelewa zaidi angekuwa anampa maneno mengine. Gedion alisema asante. Alikwenda nje, akanawa uso kwenye bomba la maji, akarudi kuketi kwenye benchi. Watu walisogea mbali naye kwa sababu ya matope.

Felicitas alifika alasiri, kibeti begani, viatu mkononi. Alikuta mama mkwe wake ameamka, na muuguzi anamjazia fomu.

"Na nani alikuleta, cucu?" muuguzi akauliza, kama anayemwuliza bibi yake mwenyewe.

Igoki alimwona mkaza mwana wake mlangoni. Wawili hao hawakuwa maadui, lakini tangu Gedion aoe, Igoki alikuwa akimwita "huyu wetu wa Meru", na Felicitas alikuwa akijibu kwa chai yenye sukari kidogo.

"Nimeletwa na kijana wangu," Igoki akamwambia muuguzi, polepole, ili kila mtu wodini asikie. "Na gari la Felicitas. Huyo hapo. Ndiye alinunua."

Felicitas aliingia wodini. Aliweka viatu chini, akamfunika mama mkwe wake mabega, akaivuta shuka ikanyooka, akainyoosha tena ilhali ilikuwa imenyooka.

Gedion alimkuta huko nje baadaye, amesimama kando ya Karimi. Gari lilikuwa na matope mpaka kwenye paa. Taa moja ilikuwa imejaa majani ya ua. Kioo cha dereva hakikuwepo juu. Chini yake kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, ambacho fundi wao angekuja kusema ni klachi yote.

"Nitatengeneza," Gedion akasema.

"Na mshahara upi?"

"Nitatengeneza polepole."

Felicitas alizunguka gari lote. Aligusa ule upande uliokwaruzwa na ua. Gedion alingojea. Mkewe alipomaliza kuzunguka hakwenda upande wa kulia. Alifungua mlango wa kushoto, akafuta kiti kwa kitambaa, akaketi, akaweka kibeti chake juu ya magoti.

"Twende nyumbani tukawakamue ng'ombe," akasema. "Mama atalala hapa leo."

Gedion alisimama pale. "Si uendeshe wewe."

"Nimetoka Meru. Nimechoka."

"Askari amesema—"

"Ukitoka hapo getini nitachukua mimi. Toa tu hapa kwa daktari."

Aliingia, akafunga mlango. Akashika usukani. Mbele yao ukuta wa hospitali ulikuwa karibu kiasi cha kusomeka tangazo la chanjo herufi kwa herufi. Wote wawili walilisoma.

"Mama Runji."

"Nakusikia."

"Rivasi sijui."

Felicitas alifungua kibeti, akakifunga. Alitazama mbele, na Gedion hakujua kama analia au anacheka, na hakuthubutu kugeuka. Kisha mkono wake, ule wenye pete, ukaja ukalala juu ya mkono wa mumewe kwenye gia, ukaubonyeza chini, ukauvuta.

"Klachi," akasema. "Polepole kuliko unavyotaka."

Mlinzi alikuwa amekuja kuwaelekeza, amesimama nyuma yao akipunga mikono yote miwili. Karimi alikohoa, akatetemeka, akaanza kurudi. Mlinzi alitazama dereva kupitia kioo, akaishusha mikono yake, akaondoka njiani bila kuambiwa na mtu.